Hesabu Iliyopotelea Njiani

Kompaila ya kwanza ya Fortran ilipotoka IBM mwezi wa Aprili 1957, ilikuja na amri moja ambayo leo karibu kila mtu ameisahau. Iliitwa FREQUENCY. Haikujumlisha kitu wala kuchapisha kitu. Ilikuwa njia ya mwandishi wa programu kuinong'onezea kompaila: tukifika njia panda hii, mara nyingi tutaenda kushoto, kulia ni mara moja moja tu. Unaandika namba ya mstari, unafungua mabano, unaweka makadirio yako ndani. Basi.

Kwani kompaila ilitaka habari hiyo ya nini? Kumbuka kazi yake ni kuchukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa amri za mashine, na mashine ya wakati huo, IBM 704, ilikuwa maskini. Ilikuwa na rejista tatu tu za kuhesabia hatua za mizunguko. Tatu. Ukiwa na mizunguko sita inayogombania nafasi tatu, lazima ujue ni ipi inayozunguka sana uipe kwanza. Kwenye timu ya John Backus, sehemu ya nne ya kompaila ilikuwa ya Lois Haibt, na alichokifanya kinanishangaza mpaka leo: kompaila yake iliigiza programu kabla programu yenyewe haijawahi kukimbia. Inachukua ramani ya njia zote, ikifika njia panda inarusha kete kwa kufuata makadirio ya FREQUENCY, na inaandika imepita wapi mara ngapi. Hesabu hiyo inapelekwa sehemu ya tano, ya Sheldon Best, ambayo ndiyo iliyogawa rejista.

Wazee wa fani hii wana utani wao. Wanasema kulikuwa na kompaila iliyotekeleza FREQUENCY kinyumenyume, ukisema kushoto yenyewe inasikia kulia, na ikatumika muda mrefu kabla mtu hajagundua. Hata kama wametia chumvi, utani huo unasema kitu cha kweli kabisa. Programu iliyopewa makadirio ya uongo haianguki. Haitoi onyo. Majibu yanatoka sahihi, senti kwa senti. Inachelewa tu. Na nani atalalamika kwamba programu ingekuwa na kasi zaidi, kama hajawahi kuiona ikiwa na kasi zaidi?

Kufikia kiwango rasmi cha FORTRAN cha 1966, amri hiyo haikuwemo tena.

Aliyeonyesha kwa namba kwamba kukisia hakutoshi ni Donald Knuth wa Stanford. Mwaka wa 1971 alichapisha uchunguzi wa programu za Fortran zilizokuwa zikitumika na watu kwa kazi zao, siyo mifano ya vitabuni. Aligundua kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya programu inakula zaidi ya nusu ya muda wote. Yaani unaweza kukesha wiki nzima ukisafisha sehemu ambayo mashine inaipitia mara moja kwa siku, huku mistari kumi mahali pengine ndiyo inayokumaliza. Dawa ni profaili: orodha inayosema kila sehemu ya programu imetekelezwa mara ngapi. Knuth alitaka kila mwandishi wa programu apewe orodha hiyo kama jambo la kawaida, jinsi unavyopewa risiti dukani.

Na kuhesabu kwenyewe kulikuwa na ujanja mtamu. Mwaka wa 1845 Mjerumani Gustav Kirchhoff alisema kwamba umeme unaoingia kwenye kiungo cha nyaya lazima utoke wote. Programu ni hivyo hivyo. Kama mashine imefika njia panda mara 14, na mara 9 ilienda kushoto, huhitaji kumweka mtu wa kuhesabu kulia. Ni 5, imeisha. Knuth alikuwa ameshaieleza sheria hiyo kwa upande wa programu katika buku la kwanza la kitabu chake mwaka wa 1968, na mwaka wa 1973, pamoja na Stevenson, akaonyesha jinsi ya kuchagua sehemu chache kabisa za kuhesabia ili zilizobaki zijulikane zenyewe.

Kwa hiyo kuhesabu, karibu tuseme, kulishatatuliwa kabla wazazi wa wengi wetu hawajakutana. Hadithi ngumu inaanzia baada ya hapo, na ndiyo sehemu ambayo haina sherehe wala sanamu.

Kwanza tujue hesabu inatumika vipi siku hizi, kwa sababu si suala la rejista tatu tena. Mwaka wa 1990 Karl Pettis na Robert Hansen wa Hewlett-Packard walichapisha makala kuhusu kupanga kodi kwa kutumia profaili. (Kodi ya kompyuta, siyo ile ya mwenye nyumba.) Wazo lao: vipande vinavyotumika sana viwekwe vikifuatana, vile ambavyo havitumiki, kama vya kushughulikia makosa, vitolewe nje vikae mbali. Prosesa ina hifadhi ndogo ya karibu yenye kasi sana. Ukijaza hifadhi hiyo na vitu visivyotumika, prosesa inabaki kusubiri vinavyotumika viletwe kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Ni kama mama wa kibanda anayeweka sufuria ya Krismasi mbele ya jiko na mwiko juu ya kabati.

Wazo hilo sasa liko mfukoni mwako. Android tangu toleo la 7.0 la mwaka wa 2016 inaandika ni sehemu zipi za app unazitumia sana, halafu simu ikiwa kwenye chaji na hauigusi, inazikompaili hizo. Python nayo, ukiijenga kwa mipangilio ile inayopendekezwa, inakimbizwa kwanza kwenye majaribio ya mazoezi, inahesabiwa, kisha inakompailiwa upya kwa kufuata hesabu. Chrome vilevile hujengwa kwa profaili. Kwa hiyo hesabu zikiharibika, wewe unaziona kama simu inayosua kidogo na betri inayoisha saa kumi badala ya saa kumi na mbili. Utasema simu imezeeka.

Sasa zinaharibikaje?

Profaili inachukuliwa programu ikiwa na umbo fulani. Lakini kompaila haifanyi kazi mara moja ikamaliza. Inapitisha programu kwenye awamu nyingi, moja baada ya nyingine, na kila awamu inabomoa na kujenga. Hii inaunganisha vipande viwili, ile inakata kimoja, nyingine inageuza mzunguko ndani nje. Fikiria mtu aliyehesabu magari Mombasa Road kabla Nairobi Expressway haijafunguliwa 2022. Hesabu yake ilikuwa sahihi, gari kwa gari. Ila barabara aliyoihesabu haiko tena kwa umbo lile, na yeyote anayetaka kutumia daftari lake lazima aamue: magari haya mangapi yamepanda juu, mangapi yamebaki chini? Kila awamu ya kompaila ni Expressway mpya, na kila inayojengwa inadaiwa kusahihisha daftari.

Nyingine ni rahisi kusahihisha, ila pia ni rahisi kusahau. Kuna awamu inayogeuza swali: badala ya "kama mlango uko wazi" inaandika "kama mlango umefungwa", kisha inabadilishana njia mbili. Ni lazima pia ibadilishane hesabu za njia hizo. Ikisahau, njia iliyopitwa mara 9,900 inasomeka 100, na ile ya 100 inasomeka 9,900. Huo ni ule utani wa FREQUENCY, umerudi na suti mpya. Kwenye LLVM, mradi wa kompaila ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 2000, waliishia kuweka kazi hizo mbili ndani ya fanksheni moja, ukibadilisha njia na hesabu zinabadilika zenyewe, kwa sababu kumtegemea binadamu akumbuke kila mara ni ndoto.

Au mzunguko. Mwili wa mzunguko umehesabiwa mara 100. Awamu fulani inauandika mara nne mfululizo ili mashine izunguke mara chache zaidi. Kila nakala sasa inatakiwa isome 25. Ukinakili mwili pamoja na namba yake bila kufikiri, una nakala nne za 100, na programu nzima inaonekana kama inafanya kazi mara nne ya ukweli. Angalau hapa Kirchhoff anakusaidia: jumlisha zinazoingia, jumlisha zinazotoka, hazilingani, umeshikwa.

Lakini kuna uongo ambao Kirchhoff hauoni, na huu ndio ulionifanya niandike makala hii.

Chukua fanksheni ndogo inayoitwa kutoka sehemu mbili. Tuseme sehemu A inaiita mara 900, sehemu B mara 100. Ndani yake kuna njia panda, na profaili inasema: kushoto 900, kulia 100. Ukweli ambao profaili haikuuandika ni kwamba A huenda kushoto kila mara, na B huenda kulia kila mara. Sasa kompaila inaamua kupachika mwili wa fanksheni hiyo moja kwa moja ndani ya A, na nakala nyingine ndani ya B. Ni uboreshaji wa kawaida sana, labda ndio wenye faida kuliko wote. Inagawa hesabu namna gani? Inajua jumla tu, kwa hiyo inagawa kwa uwiano. Nakala ya A inapata kushoto 810, kulia 90. Nakala ya B inapata kushoto 90, kulia 10.

Jumlisha uone. A: 810 na 90 ni 900, sawa. B: 90 na 10 ni 100, sawa. Kushoto jumla 900, kulia jumla 100, sawa. Kila kiungo kinalingana, Kirchhoff angetia saini. Na bado hakuna hata namba moja ndani ya nakala hizo iliyo ya kweli. Ile ya B ndiyo mbaya zaidi, maana kompaila itaipanga kodi kana kwamba B huenda kushoto mara tisa kwa kumi, wakati haijawahi kwenda kushoto hata siku moja. Hesabu zinazolingana si lazima ziwe za kweli. Yeyote aliyewahi kusoma ripoti ya pesa za chama anaelewa.

Somo hili la kompaila, kwenye ile kozi yangu, lilikuwa la mwaka wa nne. Mimi chuo nilikiacha kabla ya kufika huko, karo na mambo mengine, kwa hiyo nimelisoma usiku kupitia makala na kodi za watu, na labda ndiyo sababu naona ajabu mahali ambapo aliyefundishwa darasani anaona kawaida. Kinachonivutia ni kwamba wenye akili zao walitazama tatizo hilo moja wakatoka na majibu tofauti kabisa.

Jibu la kwanza ni kusema: acha kubeba daftari njia yote. Mwaka wa 2019 Maksim Panchenko na wenzake wa Facebook walieleza chombo chao, BOLT. Hoja yao ilikuwa kwamba profaili ikichukuliwa kwenye programu iliyokwisha kujengwa, halafu ukairudisha mwanzo wa kompaila ipite awamu zote upya, inachakaa njiani. Na mfano waliotoa ni wa aina hii hii ya upachikaji niliyoeleza. Basi wao wakaingoja programu mwisho kabisa, baada ya kompaila na kiunganishi kumaliza, wakaipanga upya hapo hapo kwenye faili la mashine, mahali ambapo hesabu bado inalingana na umbo. Kwenye programu za vituo vyao vya data walipata kasi hadi asilimia 7 zaidi, juu ya programu ambazo tayari zilikuwa zimeboreshwa kwa profaili. Asilimia 7 kwako na kwangu ni kitu kidogo. Kwa mwenye majumba yaliyojaa seva, ni bili ya stima.

Jibu la pili nalipenda zaidi, ingawa halikupigiwa kelele. Lilitoka GCC, kompaila ya wazi inayojenga sehemu kubwa ya Linux, na mtu wake ni Jan Hubička, Mcheki ambaye amekuwa akishughulika na profaili za GCC kwa miaka zaidi ya 20. Kabla yake kuibadilisha, GCC ilitunza marudio ndani ya kila fanksheni kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 10,000. Ilitosha mwanzoni. Lakini ukipunguza namba, ukaigawa, ukaipunguza tena awamu baada ya awamu, kipande kinachotumika kidogo kinaishia kwenye sifuri kwa sababu ya kukata desimali. Na sifuri ni neno zito. Sifuri inasema "hapa hapapitwi kamwe", kumbe ni desimali tu zilizokatwa.

Mwaka wa 2017 aliingiza aina mpya ya namba, ikatoka na GCC 8 mwaka uliofuata. Namba hiyo ina biti 64. Biti 61 zinashika hesabu yenyewe. Biti 3 zilizobaki zinashika kitu ambacho FREQUENCY haikuwa nacho, wala daftari la Knuth: hesabu hii imetoka wapi. Je, ilihesabiwa kwelikweli? Ilihesabiwa kisha ikarekebishwa na awamu fulani? Ilitoka kwenye sampuli? Ilikisiwa tu kwa kutazama umbo la fanksheni? Au haijulikani kabisa? Kuna hata daraja la fanksheni ambayo kwenye majaribio haikuguswa, ila ndani yake tunakisia njia ipi ni kubwa. Hali hiyo si sawa na kusema haitaguswa milele.

Na sheria za kujumlisha ni kali. Ukichukua namba iliyohesabiwa na kuijumlisha na iliyokisiwa, jibu ni la kukisiwa. Ukiikuza au kuipunguza namba kamili kwa uwiano, kama tulivyofanya kwa A na B, haibaki kamili, inashuka kuwa "iliyorekebishwa". Sifa inaweza kushuka, haipandi. Zile 810 na 90 bado si za kweli, hakuna muujiza uliotokea, ila sasa zimevaa alama inayosema mkono wa mtu umepita hapa. Awamu inayofuata inaweza kuamua iziamini kiasi gani.

GCC pia ikiombwa inaandika ripoti baada ya kila awamu, ikilalamika mahali ambapo hesabu zinazoingia hazilingani na jumla inayotakiwa. Ripoti hizo zinasomeka kama barua za mhasibu aliyechoka. Hubička mwenyewe mwaka wa 2023 alikuwa bado anarekebisha awamu za mizunguko, moja moja, miaka 66 baada ya ile kompaila iliyokuwa ikirusha kete.

LLVM walikuwa na tatizo lao la kipekee, na lilitokana na uamuzi mzuri. Kwao hesabu za njia panda ni metadata, maandishi ya pembeni yaliyobandikwa kwenye amri. Sheria ya metadata ni kwamba awamu yoyote isiyoielewa inaruhusiwa kuiacha, na programu itabaki sahihi. Ni sheria ya busara: mgeni anaandika awamu mpya bila kujua kila kitu cha nyumba. Matokeo yake ni kwamba hesabu zilikuwa zinadondoka kimyakimya. Awamu inaunda njia panda mpya, haibandiki kitu, na inayofuata ikikuta patupu inarudi kwenye ubashiri wa jumla, kwamba mzunguko kwa kawaida huendelea na kielekezi kwa kawaida si tupu. Aina ya kanuni ambazo Thomas Ball na James Larus walizipima mwaka wa 1993. Si kanuni mbaya. Lakini mtu aliyegharamika kuhesabu hakulipia ubashiri.

Patupu ilikuwa na shida nyingine: haisemi kwa nini ni patupu. Mwandishi wa awamu alisahau, au alifikiri akaona kweli hakuna namna ya kujua? Ukitazama kodi huwezi kutofautisha. Kwa hiyo mwaka wa 2025 wakaanza kazi mbili. Ya kwanza: awamu ikiunda njia panda na kweli haiwezi kujua hesabu yake, inaandika wazi neno "unknown", haijulikani, pamoja na jina lake yenyewe. Ya pili ni mtego. Kabla ya awamu kukimbia kwenye majaribio, njia panda zote zinabandikwa hesabu za kubuni. Ikimaliza, mkaguzi anapita kuangalia kila njia panda iliyopo sasa. Ina hesabu? Sawa. Imeandikwa haijulikani, na jina la aliyesema hivyo lipo? Sawa pia. Iko tupu? Jaribio limefeli, hata kama programu inatoa majibu sahihi kabisa.

Bila shaka siku ya kwanza ya mtego kama huo kila kitu kinafeli. Hivyo kuna faili la maandishi ya kawaida kwenye hazina ya kodi ya LLVM, orodha ya majaribio yanayojulikana kuwa yanapoteza hesabu, yameachiliwa kwa muda ili kazi nyingine isisimame. Ni orodha ndefu. Mtu akirekebisha awamu moja, anafuta mistari yake kwenye orodha hiyo, anatuma, wenzake wanasoma, inapita. Hakuna anayetumia simu atakayejua siku gani mstari upi ulifutwa.